Mia Tano wa Roma na Dakika 38 za Unguja

Kila Agosti ikifika mwishoni, ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yakiwemo haya yetu ya wapenzi wa vitabu. Je, wajua? Vita vifupi kuliko vyote duniani vilipiganwa Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896, vikadumu dakika 38 tu. Chini yake vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Safari iliyopita mtu mmoja akaongeza la kwake: ubwabwa ulikuwa bado jikoni, vita imeisha. Watu wakacheka, wakasambaza.

Mimi nasema huo si ujuzi wa historia. Ni utani wa mshindi, na sisi tunaojiita watu wa fasihi tumekuwa wachuuzi wake. Leo nataka tugombane kidogo juu ya jambo hili. Ili tugombane vizuri, itabidi nikupeleke Italia kwanza. Nivumilie, ndugu msomaji. Tutarudi Unguja, na tutafika mpaka Kariakoo.

Uwanja mbele ya kituo cha treni

Ukishuka kwenye treni katika kituo kikuu cha Roma, Termini, ukatoka nje, unakanyaga uwanja mkubwa uitwao Piazza dei Cinquecento. Kwa lugha yetu: Uwanja wa Mia Tano. Mia tano gani? Ni kikosi cha askari wa Italia kilichoangamizwa Dogali, katika nchi tunayoiita leo Eritrea, tarehe 26 Januari 1887, kilipozingirwa na jeshi la Ras Alula. Waliokufa hawakutimia mia tano, walipungua kidogo. Lakini Italia ilikuwa taifa changa, lililoungana mwaka 1861 tu, na lilikuwa na njaa ya mashujaa. Likawakamilishia hesabu, likawasimamishia mnara wenye nguzo ya kale kutoka Misri, na uwanja ukapewa jina lao.

Wale walikuwa wavamizi, tena walioshindwa, tena katika nchi ya watu. Na bado, zaidi ya karne moja baadaye, abiria akitaka kupanda basi pale Termini anawataja.

Sasa njoo Unguja. Taarifa za wakati ule zinasema watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa upande wa Seyyid Khalid bin Barghash, wanaume kwa wanawake, wengi wao katika moto ulioteketeza majumba ya kifalme pale Forodhani. Upande wa Uingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Mia tano kwa mia tano. Wenzetu wana uwanja. Sisi tuna saa ya kupimia mbio.

Kwa saa ya nani?

Tukumbushane kwa ufupi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid, mtoto wa Seyyid Barghash, akaingia ikulu na kujitangaza Sultani bila idhini ya balozi wa Uingereza. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu 1890, na Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed. Wakampa Khalid muda: mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari zilizopangwa bandarini chini ya Admirali Harry Rawson zikaanza kupiga. Jumba la Beit al-Hukm likabomoka na kuwaka moto. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazamishwa. Kabla ya saa nne bendera ilikuwa imeshashushwa, na Hamoud akatawazwa siku hiyohiyo.

Zile dakika 38 ni muda wa mizinga. Zinaanza bunduki ya meli inapofyatuka na kuishia bunduki ya meli inaponyamaza. Vitabu vingine vinasema 38, vingine 40, vingine 45, lakini vyote vinapima kitu kilekile: kazi ya mpiga mizinga. Hakuna anayepima moto uliwaka kwa saa ngapi. Hakuna anayepima mama wa mpagazi aliyekwenda kulinda ikulu alikaa siku ngapi akisubiri habari. Hakuna anayehesabu kwamba huyo Khalid aliyeshindwa kwa dakika 38 aliishi ugenini miaka iliyobaki ya maisha yake, mpaka alipofariki Mombasa mwaka 1927.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa historia, aliniuliza, "Sasa wewe kaka unataka tuseme nini? Si ndizo dakika zenyewe?" Ndizo. Sipingi saa. Napinga kuifanya saa kuwa simulizi. Ukimwambia mtu kwamba baba yake aligongwa na gari na ajali ilichukua sekunde mbili, hujadanganya. Lakini ukiishia hapo, tena ukicheka, hatakuita mtaalamu wa historia ya familia yake.

Na kuna kejeli moja ambayo mtunzi yeyote wa riwaya angeitamani. Baada ya moto ule, majengo yalipojengwa upya, jumba la Beit al-Ajaib liliwekewa mnara wa saa kwa mbele. Kwa miaka mingi watalii wakapiga picha saa hiyo, waongozaji wakawasimulia zile dakika 38, na kila mtu akaondoka ameridhika.

Mwaka wa Italia

Sasa kwa nini nimeanza na Roma? Kwa sababu huo mwaka 1896, ambao sisi tumeubana ndani ya dakika, kwa Waitalia ni mwaka mzima. Ni mwaka unaouma. Na ulipita mlangoni kwetu.

Habari inaanza miaka saba nyuma, na inaanza na kitenzi. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Ethiopia alitia saini mkataba na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba ulikuwa na nakala mbili, moja ya Kiamhari na moja ya Kiitaliano. Ibara ya 17 ya nakala ya Kiamhari ilisema Menelik anaweza kuitumia serikali ya Italia katika mambo yake na mataifa mengine. Nakala ya Kiitaliano ilisema amekubali kuitumia. Anaweza, amekubali. Kwa tofauti hiyo ya kitenzi kimoja, Italia ikaitangazia Ulaya kwamba Ethiopia iko chini ya himaya yake.

Menelik akaandika barua moja kwa moja kwa wafalme wa Ulaya, kama alivyoamini ana haki ya kufanya. Majibu yaliyomrudia yakamwonyesha kwamba huko nje ameshaandikwa kuwa mtu wa kupitia kwa Italia. Akarudi kwenye karatasi. Akasimama juu ya nakala ya lugha yake, akasema mimi nilitia saini hiki, sikutia saini kile. Mke wake, Taytu Betul, alikuwa mkali kuliko yeye katika suala hilo la ibara ya 17. Mwaka 1893 Menelik akauvunja mkataba. Tarehe 1 Machi 1896, kwenye milima ya Adwa, jeshi la Italia chini ya Jenerali Baratieri likakutana na jeshi la Menelik lililokuwa kubwa mara kadhaa, lenye watu wa kila pembe ya nchi, na Taytu akiwa amekuja na askari wake mwenyewe. Kufikia mchana Italia ilikuwa imepoteza maelfu ya watu waliouawa na maelfu wengine waliotekwa.

Kule Italia ilikuwa kama msiba na fujo kwa pamoja. Watu waliingia barabarani Roma, Milano, Pavia na kwingineko. Ndani ya siku chache serikali ya Francesco Crispi ikaanguka. Wapo Waitalia waliosikika wakimshangilia adui: "Viva Menelik!" Tarehe 26 Oktoba mwaka huohuo, mjini Addis Ababa, Italia ikatia saini mkataba mpya uliofuta ule wa Wuchale na kuitambua Ethiopia kuwa nchi huru. Na jina la Adwa halikuwatoka Waitalia. Mwaka 1935 Mussolini alipoivamia Ethiopia, Adwa ulikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kuchukuliwa, na kulipiza kisasi kulihubiriwa waziwazi. Kwao 1896 ilikaa miaka 39 kama mwiba kwenye kisigino.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoisema. Taifa lililoshindwa Adwa halikusema tulipigwa kwa saa ngapi. Liliuliza nani alaumiwe, nani alipe, nani akumbukwe. Majibu yao mengine yalikuwa ya kishenzi, sikatai. Lakini waliuliza.

Italia mlangoni kwa Sultani

Msomaji wa haraka atasema: sawa, lakini Adwa ni mbali, hiyo ni habari ya Wahabeshi. Hapana, bwana. Mwaka 1892 bandari za pwani ya Benadir, yaani Barawa, Merka, Mogadishu na Warsheikh, zilikodishwa kwa Italia. Mwenye mali, kwenye karatasi, alikuwa Sultani wa Zanzibar. Barawa hiyo ni mji ambao wenyeji wake wanasema Chimwini, ndugu wa Kiswahili chetu, mpaka leo. Wakati huo himaya ya Uingereza ilikuwa na umri wa miaka miwili, kwa hiyo unaweza kukisia mwenyewe kalamu ilikuwa mkononi mwa nani. Mwaka 1905 Italia ikazinunua moja kwa moja kwa pauni 144,000.

Kwa hiyo Agosti 1896, manowari zilipokuwa zikibomoa Beit al-Hukm, zilikuwa zikibomoa nyumba ya mpangishaji wa Italia. Na Novemba mwaka huohuo Antonio Cecchi, balozi wa Italia aliyekuwa akisukuma sana mambo ya Benadir, aliuawa pamoja na Waitalia wenzake kadhaa huko Lafole, karibu na Mogadishu, alipojaribu kuingia bara. Ilikuwa inakaribia miezi tisa tangu Adwa.

Machi, Agosti, Novemba. Adwa, Unguja, Lafole. Pwani moja na milima yake, mwaka mmoja, na mchezo uleule wa Wazungu kugawana karatasi na kisha kwenda kuikazia kwa mizinga. Mahali pamoja karatasi ilichanwa, mahali pamoja ilitekelezwa, mahali pamoja aliyeishika aliuawa njiani. Hiki ni kitabu kizima, jamani. Nani anakiandika kwa Kiswahili?

Nimewahi kuuliza kwenye meza za vitabu vya mitumba huku katikati ya jiji. "Kaka, una chochote cha Kiswahili kuhusu Adwa?" Kijana akafikiri. "Adwa ndiyo nini, kaka? Hapa ninavyo vya ujasiriamali, vya ndoa, na notisi za kidato cha tatu." Simlaumu hata chembe. Yeye anauza kinachoandikwa.

Wapinzani wangu wawili

Najua nitakayojibiwa, na nitayataja mwenyewe.

Wa kwanza atasema: usitupambie mambo ya vitenzi. Menelik alishinda kwa sababu alikuwa na watu wengi na bunduki, Khalid alishindwa kwa sababu hakuwa na kitu. Kweli, bunduki zilikuwepo, na nyingine alizipata kwa Waitalia haohao wakati wa urafiki wao. Lakini bunduki hazikukusanyika zenyewe. Menelik alipata miaka kadhaa ya kujiandaa kwa sababu alisoma alichotia saini, akagundua alivyoibiwa, akakataa mapema, na akaweza kuwaambia watu wa nchi nzima kwa lugha wanayoielewa kwamba wameibiwa nini. Huwezi kuita jeshi la kupigania ibara usiyoweza kuisoma. Zanzibar kufikia 1896 mambo ya nje yalishaondoka mikononi mwa Sultani kwa karatasi, bandari zilishapangishwa kwa karatasi, na hata nani arithi kiti ilikuwa lazima balozi wa watu aridhie. Mizinga ya Rawson ilikuja kumalizia. Kazi kubwa ilishafanyika mezani.

Wa pili atasema: kwa hiyo unataka tumlilie Khalid? Ufalme ule ulikula jasho la watumwa. Na Menelik wako je, aliyewateka watu wa kusini mwa nchi yake? Hapo nakubaliana naye moja kwa moja. Utumwa Zanzibar ulikuwa halali kisheria mpaka Aprili 1897, na ndani ya ikulu iliyopigwa walikuwemo watumwa walioamriwa kuilinda. Baada ya Adwa, mamia ya askari wa Eritrea waliopigana upande wa Italia na kutekwa walikatwa mkono wa kulia na mguu wa kushoto. Mimi sitafuti wafalme wa kuwabusu mikono. Ninauliza habari za mia tano. Mtumwa aliyeambiwa shika bunduki hii simama mlangoni, akafa saa tatu na robo asubuhi kwa ugomvi wa mabwana zake na Waingereza, ndiye hasa ambaye utani wa dakika 38 unamfuta. Ukiwa unachukia utumwa kwa dhati, basi huyo ndiye wa kwanza kumwandikia.

Jiji linakumbuka kuliko maktaba

Khalid mwenyewe aliishia wapi? Alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakaweka ulinzi nje, wakamsubiri akanyage ardhi ya Zanzibar wamkamate. Tarehe 2 Oktoba 1896, maji yalipojaa, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikasogea mpaka kwenye lango la ubalozi lililoelekea baharini. Akaingia mashuani bila kukanyaga hata mchanga. Akaletwa hapa, Dar es Salaam, mji mkuu wa koloni la Wajerumani tangu 1891. Akaishi humu mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916, wakampeleka Ushelisheli na Saint Helena kabla ya kumruhusu kukaa Mombasa.

Miaka ishirini, jamani. Mtu wa vita vya dakika 38 alikaa na sisi miaka ishirini. Aliona Maji Maji ikipita. Aliona reli ikitoka bandarini kwenda bara. Mwandishi yeyote mwenye njaa angeona hapo riwaya: mzee aliyekuwa Sultani kwa siku mbili, anazeeka ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari, na Unguja iko pale, safari ya usiku mmoja kwa jahazi.

Jiji hili, kwa namna yake, lina kumbukumbu. Katikati ya mji kuna Mtaa wa Makunganya, jina la Hassan bin Omari Makunganya wa Kilwa, aliyenyongwa na Wajerumani 1895. Ukienda barabara ya Mwenge kwenda Tegeta, konda anaita "Lugalo!", na analitaja jina la mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Zelewski Agosti 1891. Kwenye makutano ya Samora na Azikiwe amesimama yule askari wa shaba tangu 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza. Na Kariakoo yenyewe, nani asiyejua? Jina lake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita hivyo, lililopita midomoni mwa watu mpaka likawa letu kabisa.

Lakini jina la mtaa lisipokuwa na kitabu nyuma yake hubaki sauti. Watu wangapi wanapita Makunganya kila siku kutafuta benki? Konda wa Lugalo anajua kituo. Sisi ndio tuliopaswa kumpa habari iliyobaki.

Ibara ya 17 iko Mtaa wa Congo

Kuna mtu ataona yote haya ni mambo ya zamani. Basi njoo sokoni.

Yupo dada mmoja ninayemfahamu, anauza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Congo. Siku moja alinivuta pembeni na karatasi nne zilizobanwa pini. "Mdogo wangu, wewe msomaji, hebu nisomee hapa wamesema nini." Ulikuwa mkataba wa fremu. Wote wa Kiingereza. Dalali alikuwa amemwambia kwa mdomo kwamba kodi haitapanda kwa miaka miwili. Karatasi ilisema mwenye nyumba anaweza kuipandisha wakati wowote, kwa notisi ya mwezi mmoja.

"Dada, umeshasaini?"

"Nimeshasaini. Na kilemba nimeshatoa. Ningechelewa fremu ingekwenda kwa mwingine."

Kile kitenzi, anaweza, kilichobishaniwa Wuchale mwaka 1889, kimelala kwenye karatasi ya muuza vitenge. Tofauti ni kwamba Menelik alikuwa na nakala ya lugha yake ya kurudi nayo. Dada yangu hakuwa nayo. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mkataba wa fremu hauandikwi bungeni. Unaandikwa kwenye kibanda cha kuchapa, mtu anachukua karatasi ya zamani, anabadilisha jina na kiasi, anachapa. Na anayesaini hana mazoea ya kusema ngoja, niletee nakala ninayoisoma.

Mazoea hayo yanatoka wapi? Mimi naamini yanatoka pia kwenye simulizi. Mtoto aliyekua anasimuliwa kwamba kuna mtu alikataa karatasi ya mfalme wa Ulaya kwa sababu ya neno moja, atakuwa mkubwa anayeuliza neno. Mtoto aliyekua anachekeshwa kwamba babu zake walipigwa dakika 38, atajifunza kwamba kwetu mambo huisha haraka, saini tu twende.

Ninachodai

Sidai mnara, wala siku ya mapumziko. Nadai kazi, na kazi yenyewe ni yetu sisi watu wa vitabu.

Tulikuwa na watu walioijua. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mzima juu ya vita vya Wajerumani kuitwaa Mrima. Abdul Karim bin Jamaliddini akatunga wa Maji Maji. Waliona vita vya nchi yao kuwa jambo la beti kwa mamia, lenye miji, watu na mabishano ndani yake. Sisi wajukuu zao tuna karatasi nyingi kuliko wao, tena bei rahisi, na tumebaki na sentensi moja ya Je, wajua.

Wenzetu wengine wameshaanza. Maaza Mengiste ameandika The Shadow King kuhusu uvamizi wa 1935. Igiaba Scego, aliyezaliwa Roma kwa wazazi wa Kisomali, ametoa riwaya mwaka 2015 akaiita Adua, jina la vita vile kwa Kiitaliano. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, amezunguka pwani hii na Wajerumani wake kitabu baada ya kitabu, na Paradise yake sasa inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Hiyo ndiyo njia. Kitabu kimoja kikija Kiswahili, kinafungua mlango wa cha pili.

Kwa hiyo: watafsiri, nipeni Adwa kwa Kiswahili, na hasa nipeni ibara ya 17 katika nakala zake zote mbili, bega kwa bega, tuone wizi wa kitenzi ulivyofanyika. Waandishi wa riwaya, nendeni kwa Khalid wa Dar es Salaam, au kwa yule mtumwa wa mlangoni, au kwa mke wa nahodha wa Barawa aliyeamka akaambiwa mji wake umepangishwa. Walimu wa fasihi, acheni kuwaachia wenzenu wa historia mwaka huu peke yao.

Na wewe msomaji wa kawaida, ambaye huandiki wala hutafsiri, kazi yako ni nyepesi. Agosti ijayo, ule ujumbe ukiingia na vikatuni vyake, usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa swali moja: wale mia tano walikuwa akina nani? Akikuambia hajui, mwambie nasi tunatafuta, karibu tutafute pamoja.